Masikio ya Lori la Rajabu

Kama umekaa kwenye benchi la hospitali, na mtu uliyemleta akiwa na homa ameamka leo hasikii, nimekuandikia wewe. Sikuwaandikia madaktari, wao wana vitabu vyao. Wala watu wa ofisini, maana wao hawasomi kitu kisicho na mhuri. Naandika polepole kwa sababu niliishia darasa la tatu hapa Malindi ya milima ya Usambara, si ile ya pwani, mwalimu wetu Zakaria alipohamishwa na asiletwe mwingine. Lakini jina la mtu silisahau, na alichonifanyia silisahau pia. Yale mabaya kabisa yameshapita, ndiyo maana naweza kuandika bila kutukana sana. Kidogo nitatukana.

Mgonjwa ni mwanangu Rajabu, dereva wa lori la mboga. Miaka mingi alikuwa anashusha kabichi, karoti na plamu kutoka huku kwetu na Shume mpaka Dar es Salaam, na hajawahi kumgonga hata kuku. Lori lilinunuliwa na marehemu mume wangu pamoja na mdogo wake, Hoza. Mume wangu alipofariki, Hoza akashika karatasi za lori, Rajabu akabaki na usukani. Hoza hajui hata kuwasha taa zake, lakini akipita sokoni anatembea kama yeye ndiye injini.

Na mimi mwenyewe nikutajie jambo moja mapema. Sikio langu la kushoto lilikufa nikiwa msichana, lilitoa usaha, likanyamaza. Kwangu kila mtoto anajua kwamba ukitaka kusema na Bibi, kaa kulia. Sijawahi kuliita ugonjwa, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Masika ilikuwa ndiyo inaanza. Rajabu alirudi safari akashuka kwenye lori ameshika kichwa kwa mikono miwili, shingo imekakamaa kama mpini wa jembe. Mkewe, Mwanaidi, akadhani ni malaria. Kesho yake alikuwa haitambui nyumba. Tukampeleka hospitali kwenye pikapu ya jirani, mimi nimempakata kichwa, mvua inatupiga. Wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Wakamchoma sindano mgongoni, wakamtundikia dripu, na kuanzia hapo siku zetu tulizihesabu kwa dripu: ile ya asubuhi, ile ya adhuhuri, ile ambayo mshipa uligoma mpaka wakamtoboa mguuni.

Kulikuwa na nesi mmoja, Scolastica, mtu wa Rangwi. Huyo namtaja kwa heshima. Usiku alipokuwa zamu alikuwa ananiachia kiti chake akasimama yeye. Wengine wa wodi ile nawajua pia majina, lakini karatasi yangu ni ndogo.

Homa ilishuka siku ya Ijumaa. Rajabu akafungua macho, akatuangalia midomo, mimi na mkewe, akasema kwa sauti kubwa mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akashtuka:

"Mbona mnanong'ona?"

Hatukuwa tunanong'ona. Mwanaidi alikuwa analia kwa kelele zake zote.

Wewe unayeuguza, jiandae kwa mambo ambayo hakuna atakayekwambia pale wodini. Ugonjwa ule ulichukua masikio, ukachukua na uthabiti wa miguu. Rajabu alirudi nyumbani anatembea ameshika ukuta, na uwanjani anayumba kama mti uliokatwa nusu. Jirani yetu Mwajabu, ambaye swala zake tano hazijamfundisha kufunga mdomo, akamwuliza Mwanaidi kisimani, "Siku hizi baba watoto ameanza kupiga vitu?" Pombe! Mtu hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha! Sauti yake nayo ilipotea njia. Mara anapiga kelele akiomba chumvi, mara anasema jambo kubwa kwa sauti ya mtu anayekata roho. Na ndani ya kichwa chake, aliniambia, kulikuwa na mlio kama chuma kinachopigwa msasa, mchana na usiku. Watu wanadhani kiziwi amepata utulivu. Waje wamwulize Rajabu.

Mwanaidi alichoka. Alikuwa akimwita, haitiki. Akimgusa, anashtuka na kukasirika. Wakigombana, yeye anasema peke yake na mwenzake ameinamisha kichwa asimwone midomo. Kipupwe kilipoingia, ukungu umekaa mlangoni mpaka saa nne, alichukua mtoto mdogo akaenda kwa mama yake Shume. Sikumzuia. Karoti zilipokuwa zinang'olewa alirudi mwenyewe, amejitwisha kifurushi chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umerudi?"

"Nimerudi. Kule wananionea huruma, mama. Huruma yao inanichosha kuliko huyu."

Akaingia ndani, akahamisha taa ya kandili kutoka dirishani akaiweka mezani, upande wa uso wake, ili Rajabu aone anachosema. Jambo dogo hilo. Hakuna daktari aliyetuambia. Nawe fanya hivyo: kaa mahali mwanga unakupiga usoni, usitafune huku unasema, na usipige kelele. Kelele hazimfikii yeye, zinawafikia majirani.

Hoza naye alileta msaada wake. Alitutia hasara kwa kumleta mganga kutoka tambarare mwenye mkoba wa ngozi na miwani isiyo na kioo kimoja. Mtu yule akasema ni jini wa barabarani aliyekanyagwa na tairi, akamwagia mafuta ya kitunguu saumu ndani ya masikio ya mwanangu. Kabla ya hapo masikio yalikuwa hayasikii. Baada ya hapo yalikuwa hayasikii, na yanatoa usaha. Nakuomba mwenzangu, usiruhusu mtu kumwaga kitu sikioni, hata akija ameshika msahafu.

Ndipo tukaandikiwa kwenda kliniki ya masikio, kwenye hospitali kubwa ya mjini. Tulishuka mlima alfajiri, tukakaa kwenye korido pamoja na viziwi wenzetu, wazee, watoto, mama mmoja wa Kibondei aitwaye Mwantumu aliyekuwa na binti yake. Sasa nisikilize vizuri. Kwenye kliniki ile ya masikio, wagonjwa wanaitwa kwa mdomo. Anatoka kijana mlangoni, anataja jina mara moja kama mtu anayetema ganda la muwa, anarudi ndani. Mimi nilikuwa nimekaa mlango uko kushoto kwangu. Rajabu hasikii kabisa, mimi sisikii upande ule. Waliita, wakaita, wakapita. Jioni Mwantumu ndiye aliyenigusa bega, "Bibi, si walimwita wako tangu asubuhi?"

Nikaingia ndani.

"Mliitwa hamkuitika," yule kijana akasema.

"Mlimwita kiziwi?"

"Huo ndio utaratibu, bibi. Rudini mwezi ujao."

Jina lake ni Elineema. Tulirudi mwezi uliofuata, nikakaa mlango ukiwa kulia. Wakampima, wakasema masikio yote mawili yamekwenda na hayatarudi, kifaa cha kuvaa hakitamsaidia. Hiyo nayo ilituchukua msimu mzima kuijua, wakati Mwanaidi aliijua wodini siku ya Ijumaa.

Rajabu hakulia. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti yake ile iliyopotea njia: "Na leseni?"

Maana leseni yake ya magari makubwa ilikuwa inakwisha, na ili aipate tena lazima apimwe afya, na kwenye afya kuna masikio. Mwili ulikuwa umerudi. Alikuwa anatembea wima, mchana huwezi kumjua. Msikitini alikuwa anafuata bega la mtu wa pembeni, akainama na kuinuka bila kukosea. Lakini kila asubuhi alikuwa anakwenda kulifuta lori vioo, kisha anakaa kwenye kiti chake mlango wazi, mikono juu ya usukani, lori limezimwa. Nilimwona hivyo kuanzia mbaazi zikitoa maua mpaka zinavunwa. Hoza akawa anasema hadharani kwamba lori halilishi mtu likiwa limesimama, na kwamba mkwe wake Ayubu anaweza kulishika. Ayubu! Aliyewahi kurudi nyuma akaingia na tela kwenye choo cha msikiti.

Niliona kabisa kwamba wakimnyang'anya lori, mwanangu atabaki kuwa mtu wa kuonewa huruma, na huruma ya Malindi naijua. Unapewa kiti kizuri kwenye sherehe na hakuna anayesema nawe.

Mwalimu mmoja wa watoto viziwi, Neema, ndiye aliyetufungua macho. Alikuja kumfundisha Rajabu na mkewe lugha ya mikono, akaniambia, "Bibi, kuna nchi viziwi wanaendesha malori makubwa kuliko hili. Wanaomba msamaha kwenye hicho kipengele cha kusikia, wanapimwa mengine yote, wakifaulu wanapewa. Na sisi tuombe. Wakikataa, wakatae kwa maandishi."

Msamaha! Nilikaa na neno hilo njia nzima. Mtu ameugua uti wa mgongo, halafu yeye ndiye wa kuomba msamaha. Sawa. Tukaomba.

Afisa wa leseni tuliyemkuta aliitwa Meshaki. Hakuniamkia. Mtu anayemwona bibi wa umri wangu amesimama mbele yake asitoe shikamoo, simtegemei awe na kingine kichwani. Rajabu amekaa mbele yake, Neema pembeni yake, na yeye ananiangalia mimi.

"Huyu anaweza kusoma?"

"Mwulize mwenyewe."

"Nitamwulizaje sasa?"

"Kwa hiyo kalamu uliyoishika."

Akaiangalia kalamu kama ndiyo kwanza anaiona. Halafu akainuka, akamwinamia Rajabu, akapiga kelele, "UNA-WEZA KU-SO-MA?" Ofisi nzima ikageuka isipokuwa Rajabu, ambaye alikuwa anajifuta mate usoni. Akamwandikia kwenye karatasi: Naweza kusoma. Mate sihitaji.

Neema akacheka mpaka akafunika mdomo. Meshaki hakucheka.

"Bibi, nielewe. Lori si mkokoteni. Kwenye kona atazisikiaje honi?"

"Hao wenye masikio wanazisikia? Wanafungulia muziki mpaka bodi linatetemeka, vioo wamepandisha kwa sababu ya baridi. Na kule Shume kwenye ukungu honi ikipigwa mlima unairudisha pande zote, hujui imetoka wapi. Utingo ndiye anayeshuka, anavaa kiroba cheupe mgongoni, anatembea mbele ya gari. Dereva anakifuata kiroba kwa macho. Kwa macho, baba."

"Na gari la wagonjwa likija nyuma na king'ora?"

"Mimi nina miaka yangu yote Malindi. Mwanangu nimempeleka hospitali kwenye pikapu ya viazi. Likija hilo gari lako na king'ora, hata mimi nitasimama nilishangae."

Akasema tutaitwa. Nikamwambia, "Msimwite kwa mdomo."

Sitakuchosha na safari za kushuka na kupanda. Meshaki akatupeleka kwa mkubwa wake, mkubwa akasema hajawahi kuona jambo kama hili, nikamwambia ndiyo maana tumemletea. Macho ya Rajabu yakapimwa, damu ikapimwa, hata meno waliyatazama, sijui walitaka awang'ate watu. Wakamwendesha barabarani watu watatu wamebanana kwenye kabini, wakarudi kimya, na mmoja wao alikuwa amelala usingizi. Neema akasema hiyo ndiyo dalili nzuri kuliko zote.

Kibali kilitoka plamu zilipoanza kuwa nyekundu. Cha majaribio, kwa muda, na kina masharti: saiti mira kubwa, vile vioo vya pembeni, pande zote mbili, alama nyuma ya gari, na kila safari dereva awe na mtu mzima mwenye usikivu timamu, aliyekaa naye kabini, ambaye ameletwa ofisini na kuandikishwa jina.

Mimi nilidhani tumemaliza. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza aibu ya watu wangu.

Kaniki, utingo wake wa zamani, waliyelala naye barabarani miaka na kula sahani moja, akasema, "Bibi, kupakia nitapakia. Kuandikisha jina, hapana. Likianguka nitaulizwa mimi." Nikamwendea kaka wa Mwanaidi, akasema ana shamba. Hilo shamba lake nalijua, limeota magugu mpaka sungura wanapotea humo. Hoza akaitisha kikao cha ukoo nyumbani kwake, akakaa kwenye kochi lake lililofunikwa nailoni.

"Shemeji," akaniambia, "umehangaika, Mungu amekuona. Sasa acha. Hakuna mtu anayetaka. Jumatatu Ayubu analichukua lori."

Rajabu alikuwa amekaa kwenye mkeka, anamwangalia Mwanaidi ambaye alikuwa anamtafsiria kwa mikono. Mikono ya Mwanaidi ilipofika kwenye jina la Ayubu ikasimama.

Nikamwuliza Hoza, "Masharti yanasema mtu mzima?"

"Ndiyo."

"Mwenye kusikia?"

"Ndiyo, shemeji."

"Mimi ni mtoto?"

Walicheka. Mke wa Hoza, Zubeda, alicheka mpaka kanga ikamwanguka. Ayubu akasema, "Bibi atakuwa anapiga honi kwa fimbo." Na kila aliyekuwa mle ndani anajua habari ya sikio langu la kushoto, kila mmoja, wamekua wakinizunguka waje kulia. Nilisubiri nione nani atalisema. Hakuna aliyelisema. Walikuwa na hakika kwamba ofisini watanifukuza, wakaniachia nikajiaibishe.

Asubuhi nilivaa gauni langu la Idi nikashuka ofisini na Rajabu. Meshaki alikuwa amechoka na sisi kama mtu mwenye jino bovu.

"Huyu ndiye msikivu wenu?"

"Ndiye."

Akanisogelea mpaka pua zikakaribiana, kwa sababu wao wakimwona mzee wanadhani yuko ng'ambo ya mto, akapiga kelele, "BIBI, UNA-SI-KIA?"

"Nasikia mpaka unachokiwaza," nikamjibu. "Na kiache."

Akagonga mhuri. Ndicho kipimo chote. Mwanangu walimpima kuanzia vidole vya miguu mpaka utosini, mimi nikapimwa kwa kelele moja ya usoni. Sikusema uongo. Aliniuliza kama nasikia, na nasikia. Angeniuliza ni upande gani ningemwambia, lakini mtu asiyejua shikamoo atajuaje kwamba binadamu ana pande mbili? Sasa nimeandika, na akitaka kusoma asome. Na wakimletea Rajabu mtu mwingine mwenye masikio mazima, nitashuka kwenye kiti kile siku hiyohiyo.

Tuliondoka Malindi mara baada ya swala ya alfajiri. Matenga ya plamu yamepangwa mpaka juu, Kaniki amelala juu ya turubai akijifanya hatujui. Mwanaidi alisimama chini ya mlango wa dereva akamwambia kitu kwa mikono, kirefu, na Rajabu akacheka. Sijakijua na sikukiuliza. Hoza alisimama mbali kidogo, mikono mgongoni. Kwa mara ya kwanza tangu masika ile, lori lilipowashwa mwanangu aliweka kiganja juu ya dashibodi, akafumba macho kidogo kusikiliza injini kwa mkono, akatia gia.

Ndipo nikatambua jambo. Usukani uko kulia, kiti changu kiko kushoto. Sikio langu zima lilikuwa limemwelekea Rajabu. Lile lililokufa lilikuwa limeelekea dirishani, yaani barabarani, kwenye honi zote za Usambara.

Nilicheka peke yangu. Rajabu akaniangalia midomo, nikamfanyia ishara atazame mbele.

Kwenye kona moja kulikuwa na ukungu, akapunguza mwendo kabla mimi sijaona kitu, akabana kando, na kweli taa zikatokea, lori linapanda. Dereva yule alitoa kichwa nje, mdomo umefunguka, mkono unapigapiga hewani. Bila shaka alikuwa anatutukana. Mimi sikusikia hata neno, Rajabu naye hakusikia. Tukampungia mkono, mama na mwana.

Chini Mombo, trafiki akatusimamisha. Akasoma kibali, akakigeuza nyuma kama kuna picha, akazunguka akaja dirishani kwangu kumtazama huyo msikivu timamu. Midomo yake ikacheza.

"Marahaba," nikamwambia.

Sijui kama aliniamkia. Akaturuhusu.

Wewe uliyekaa kwenye benchi, masikio ya mtu wako huenda yasirudi, nami sitakudanganya. Lakini usikubali wakuambie kwamba na yeye mwenyewe amekwenda. Kuanzia Malindi mpaka Mombo sikusikia honi hata moja. Nilichokisikia, kwa sikio langu la kulia, ni Rajabu akiimba. Anaimba akiwa na usukani, ile kaswida ya baba yake, ameikosea yote, juu ipo chini na chini ipo juu, na hajui kabisa kwamba sauti inatoka. Hakuna mtu nyumbani aliyekuwa amemsikia akiimba tangu augue.

Kibali kinasema nikae kabini nisikie. Nilikaa, nikasikia.